Mkwe Asiyekuwa na Mdomo

Kushona alijua, jamani, msimwonee. Akishika cherehani mshono unanyooka mpaka wewe mwenyewe unapenda. Taabu ya mke wa kitinda mimba wa Mama Pindo ilikuwa mdomo. Kiswahili alikikuta ukubwani, alipoolewa, akajifunza vitabuni, kikawa kinamtoka kama tangazo la redioni. "Tafadhali inua mkono wako wa kushoto." Mteja anainua, anapimwa, kimya. Nani arudi kushonesha kwenye kimya?

Maana kwa Mama Pindo watu hawakufuata nguo tu. Anakupima huku anakutania, anakuchimba habari za mumeo, unatoka huna mbavu. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, wiki ijayo apasuliwe, na duka lazima aachiwe mtu. Alishamwambia mkwewe waziwazi: "Mikono unayo mwanangu, mdomo huna. Nitamwita yule fundi wa mtaa wa pili." Binti wa watu usingizi ukamruka. Duka apewe mgeni, na yeye yumo humo humo ndani?

Basi akaanza kukusanya misemo. Anapika anajisemea, anafua anajisemea, mumewe akamuuliza kama ana homa. Asubuhi mteja wa kwanza akaja kuulizia sketi yake. Masikini, akaimwaga yote: "Dada, subira yavuta heri, haraka haraka haina baraka, na mwenda pole hajikwai."

Mteja akamtazama juu mpaka chini. "Nimefuata sketi, mwenzangu, sikuja darasani."

Mama Pindo akajifanya anatafuta vifungo. Mkwe alitamani ardhi ipasuke.

Siku nzima roho haikumtulia. Akikaa anasimama, akisimama anapanga nyuzi zilizokwisha pangwa. Alasiri akaingia mama mmoja mnene, gauni mkononi, moto mmoja. Limembana! Fundi gani huyu, kazi kuharibu vitambaa vya watu!

"Weee, ishia hapo hapo!" Mkwe alishasimama. "Usinipande kichwani! Nilikupima mbele ya kioo, nikakwambia tuache nafasi, ukasema unataka likukae. Leo umeshiba, lawama unanibebesha mimi? Kitambaa chenyewe umeleta kiduchu, nimekivuta mpaka kikaomba poo! Na wewe mama," akamgeukia mkwewe, machozi yakimlengalenga, "umekaa tu unaniangalia, natiwa kidole machoni dukani kwetu!"

Kisha mabega ya yule mama mnene yakaanza kutikisika, kicheko kikamponyoka. "Haya, yaishe. Nipanulie mbavuni basi, usinile nyama."

Mkwe akazinduka. Amemfokea mteja, amemfokea mama wa mumewe. Kwisha habari yake, alijua.

Mama Pindo akavua miwani, akajifuta macho. "Dukani kwa nani, umesema?"

"Kwetu," akajibu, hasira bado zimemkaba.

"Basi mpime mwenzio upya. Mimi nampigia yule fundi simu, nimwambie asije."