Tyubu Nyekundu, Tyubu ya Bluu

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Babati ilijaa wake za maofisa waliohamia na masufuria yao. Wengi walinunua maziwa mgando kwangu, mpaka choa kiliponitoka mikono yote miwili. Mmoja wao, mwanamke wa kucha ndefu, aliutazama mkono wangu ukichota kwenye ndoo, akasema, "Bibi, leo usinipimie. Nitapita kesho." Hakupita. Wenzake nao wakaanza kunikwepa kama mzoga.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa mahali wanapojaribu dawa za ngozi. Mimi niliishia darasa la tatu, yeye anavaa koti jeupe. Asiyejua hilo pale sokoni alikuwa kiziwi. Yeye ndiye aliyenipeleka.

Daktari wao sikumpenda tangu mlangoni. Alinishika kwa glavu, akanikwangua ngozi kwa wembe, akasema wanakwenda kuiotesha kwenye visahani. Ugonjwa wangu unapandwa kama mchicha. Kisha nikatia dole gumba kwenye karatasi, akanipa tyubu mbili. Zote dawa mpya, alisema, zimetengenezwa maabara, hazikutoka kwenye mti wowote. Yenye kifuniko chekundu nipake mkono wa kulia, ya bluu wa kushoto, asubuhi na jioni.

"Tunataka kuona ipi inaponya. Usichanganye, bibi. Unanielewa?"

"Masikio ninayo," nikamjibu.

Wiki ya pili mkono wa kushoto ulianza kusafika. Wa kulia ulibaki na mabaka yake, unawasha mpaka nautamani moto. Sasa niambie, wa kushoto una kazi gani? Unashikilia ndoo tu. Wa kulia ndio unaochota, ndio unaompa mteja, ndio unaosalimia watu. Dawa nzuri ipewe mkono wa kujificha, mbovu ipewe mkono wa kuonekana? Upumbavu huo sikuuvumilia. Nyekundu nikaitupa kabatini, bluu nikapaka kote.

Siku ya kurudi, daktari aliitazama mikono yangu akafurahi. Akaandika kwamba dawa zote mbili zinaponya, akampa mjukuu wangu karatasi aweke saini. Nilinyamaza. Mtoto akaweka saini, kisha akapandisha tyubu nilizorudisha kwenye mizani, maana kazi yake ilikuwa kupima kiasi kilichotumika. Bluu ilikuwa tupu. Nyekundu ilikuwa karibu kama ilivyotoka kwao.

Daktari hakuniuliza mimi. Alimgeukia yeye.

"Ulipima nini siku ile ya kuzitoa? Au uliandika umelala?"

"Nilipima vizuri, daktari."

"Kwa hiyo mkono umepona kwa dawa ambayo haikupakwa? Vua koti. Usije mpaka nikuite."

Mtoto akaanza kufungua vifungo. Nikasimama.

"Mwache. Bluu nimepaka mimi, mikono yote. Hiyo nyekundu yako haiponyi hata mbuzi."

"Umetuharibia kazi, bibi. Watu wangekuja kupewa dawa isiyofaa kwa sababu yako."

"Si umeshajua? Andika haifai."

"Siandiki kwa neno lako. Mikono yako haina faida kwangu tena."

Akachukua rula, akaikata karatasi yangu mstari mrefu, juu ya alama ya dole gumba langu na juu ya saini ya mjukuu wangu. Akamwambia avae koti aendelee, ila asilete ndugu yake tena pale. Hakunitazama. Mimi nilimtazama sana.

Jioni mjukuu alinikuta nyumbani Singe. Shikamoo aliitoa akiwa mlangoni, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Lakini ulikaa unaniangalia naweka saini yangu kwenye uongo."

Mikono ilikuwa imepona, wateja wakaanza kurudi, na daktari yule namchukia hata leo kwa kumrukia mtoto kabla ya kuniuliza mimi mwenye mikono. Yeye sikumwomba radhi. Mjukuu nilimwomba, palepale mlangoni, na kwa kuwa sijazoea, neno lilinitoka kama natapika.