Maandazi ya Washenga

Juzi, kwenye duka la vyombo vya umeme hapa Sumbawanga, mama mmoja aliweka kikaangio chake cha umeme juu ya kaunta. "Kinatia maandazi harufu ya samaki," alisema.

Muuzaji, kijana mpole, akainama kukinusa. "Shikamoo mama. Kabla ya maandazi ulikaanga nini?"

"Marahaba. Samaki, migebuka ya Kirando."

"Mafuta hukubadilisha?"

"Yalikuwa bado mengi." Akashusha sauti. "Na waliokula ni washenga waliokuja kumposa binti yangu."

Wateja tukampa pole.

"Mafuta ya kukaangia samaki uyatenge, mama. Wakirudi, weka mapya."

"Hapo ndipo pagumu. Wamesema wakileta mahari wapikiwe maandazi yaleyale."

Kijana akamrudishia kikaangio chake kama kilivyo. Nami nawashauri wasomaji mtenge mafuta, ila mwenye binti anayeposwa asiniulize.