Bwana harusi kayeyuka Kigamboni

Jamani, leo nimeona mpiga picha akimfuta bwana harusi mchana kweupe.

Dada yangu Neema kaolewa. Mpiga picha, anayejiita Profesa, katupeleka ufukweni, kafunga kioo cheusi mbele ya lenzi.

"Hii ni filta ya ND. Bahari itatoka laini kama maziwa."

Sawa. Kioo kinapunguza mwanga, kamera inabaki wazi muda mrefu, mawimbi yanalainika. Hata mie najua.

Ila na mtu akisogea anayeyuka, Profesa!

Hakumwambia mtu atulie. Simu ya shemeji ikaita katikati ya picha, naye akasogea kuipokea.

Picha ikatoka. Bahari maziwa kweli. Neema, aliyetulia, anaonekana hadi hereni. Pembeni yake kuna ukungu umevaa tai.

"Kaka, mume wangu yuko wapi?"

"Sista, hiyo ndiyo sanaa."

Sanaa!

Neema akanigeukia kwa hasira. "Hebu tupige na simu yako."

Nikapiga. Shemeji katoka mzima, meno yote nje.

Sasa hivi Profesa kanitumia meseji. Anaiomba ile ya simu aiweke kwenye ukurasa wake.

Nyie mngempa?