Kumtafuta Aliyekwisha Kuzikwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Filister ni nywele zake. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa watu wa kisiwa cha Rusinga waliokuja kuwauliza polisi maswali. Katika safu aliyokaa, wanawake wote wa boma lao walikuwa na nywele fupi, za watu walionyoa miezi michache iliyopita. Zake zilikuwa ndefu, hazikusukwa wala kufunikwa, zina mvi pande zote mbili. Katika boma kama lao, familia ikizika hunyoa. Mtu asiyejua angedhani mama huyu ni mgeni aliyewasindikiza wafiwa. Kumbe ndiye aliyemzaa marehemu. Siku ile ya wembe alikataa kuinamisha kichwa, na wakamwacha.

Mkutano ulikuwa wa kawaida. Inspekta Gichana alikuwa ametumwa kuja kueleza wananchi haki zao, na mimi, niliyesaidia kuuandaa, nilikuwa nikizungusha kipaza sauti. Watu waliuliza yale ambayo watu huuliza kila mahali.

"Afande, bondi ya polisi inalipiwa?" aliuliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

"Bondi ni bure, jaduong'. Kama uliweka dhamana ya pesa, hiyo unapewa risiti, na kesi ikiisha unarudishiwa."

"Mimi nilipewa risiti ya mdomo."

Watu wakacheka. Inspekta naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Mwendesha bodaboda akauliza kama mtu akikamatwa na polisi asiye na sare anaruhusiwa kumwomba kitambulisho. Inspekta akasema anaruhusiwa. "Na nikimwomba halafu anizabe kofi?" Inspekta akafungua chupa yake ya maji, akanywa kwanza.

Ndipo Filister akainua mkono. Alisimama taratibu, akanyoosha leso kiunoni.

"Mimi nauliza hivi. Mtu akishazikwa, polisi wanaweza kuendelea kumtafuta?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza. Katika safu ya mbele, Cephas, shemeji yake Filister na mkubwa wa boma, alitazama sakafu.

Ili swali hilo lieleweke, lazima nieleze habari ya Frankline.

Filister alizaliwa karibu na Asumbi na kuolewa Rusinga angali msichana. Mume wake alifariki mapema. Aliwalea watoto kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Alinunua ufuoni asubuhi, akaanika juu ya nyavu kuukuu, akauza Mbita siku za soko. Frankline, kifungua mimba wake, hakuvua samaki. Alikuwa fundi wa injini za boti. Walimjua ufuo hadi ufuo, na mara nyingi aliitwa mbali, hata upande wa Migori. Mama yake hakuhitaji kuuliza alipokuwa, kwa sababu mikono ya mwanawe ilinuka petroli ya mahali alikotoka. Ndivyo alivyokuwa akimtania.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, Frankline aliitwa Sori, ufuo wa upande wa Migori, kutengeneza injini. Alikwenda peke yake kwa boti ndogo ya kuazima. Aliyemwita alipiga simu jioni kuuliza mbona fundi hajafika.

Filister alikwenda kituoni asubuhi yake. Kituo chenyewe sitakitaja. Askari aliyekuwa mezani alimsikiliza huku akinywa chai.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Huyo ni mwanaume mzima, mama. Labda amelala kwa msichana. Mtu akipotea tunangoja masaa ishirini na nne. Rudi kesho."

Alirudi nyumbani. Hakubishana, maana tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu wa serikali akisema kesho, ni kesho. Siku hiyo nzima ziwa lilikuwa shwari, na boti za Sori zilipita zikienda na kurudi bila mtu yeyote kuombwa aangalie kitu. Aliporudi kesho yake na kuandikiwa ripoti, upepo ulikuwa umebadilika. Siku chache baadaye wavuvi walikuta ile boti imepinduka, inaelea, haina mtu wala sanduku la spana.

Hakuna sheria ya kungoja masaa ishirini na nne. Inspekta Gichana aliyasema hayo mbele ya watu wote siku ya mkutano: mtu akipotea, ripoti inaandikwa saa ile ile, katika kituo chochote, na anayeripoti anapewa nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Askari wa mezani akikataa, unaomba kumwona mkuu wa kituo. Filister aliyasikia hayo karibu mwaka mzima baadaye. Alikaa akitazama mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesomewa hukumu ya mtu mwingine.

Walimtafuta Frankline ufuo kwa ufuo. Wapiga mbizi walishuka, wakatoka na matope. Msimu wa mvua ukapita, na wa vuli ukaja. Ndipo Cephas alipoitisha kikao cha boma.

Ni rahisi kumlaumu Cephas, lakini nimezungumza naye na sikuona ubaya ndani yake. Mtu asipozikwa, boma lote husimama. Ken, mdogo wake Frankline, alitaka kujenga, na hakuweza kumruka kaka yake ambaye hajulikani aliko. Watoto wa boma waliugua, na kila homa ikahesabiwa kuwa ni Frankline anayedai mahali pake. Kwa jambo kama hilo Waluo wana njia yao. Huchukua yago, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, hulivika nguo na kulizika badala ya mwili ambao maji yameukataa.

Yago wa Frankline alitafutwa bara, akaletwa kwa heshima, akavikwa shati lake la kanisani, akalazwa ndani ya jeneza. Watu walilia. Kaburi likajengewa, na msalaba ukaandikwa jina.

"Niliambiwa nikae karibu na jeneza," Filister aliniambia. "Nilikaa. Nililia pia. Lakini nilikuwa namlilia aliye majini. Yule wa sandukuni sikumjua."

Baada ya wiki kadhaa, Koplo Nyangau alikuja nyumbani kuulizia ile faili ya Frankline. Alikuwa mgeni kituoni, kijana wa Kisii, mchapakazi, na faili za zamani alitaka azifuatilie moja moja. Alipoingia bomani, kitu cha kwanza alichokiona ni kaburi.

"Huyu si ndiye mnayesema amepotea?" aliuliza akisoma msalaba. "Mlimpata lini? Kibali cha mazishi kiko wapi?"

Cephas alimweleza. Koplo alimsikiliza, akatazama kaburi, akamtazama Cephas tena.

"Tunda, mzee?"

"Yago."

"Kwa hiyo hapa chini hakuna mtu."

"Yuko. Kwetu sisi yuko. Tumemzika, imekwisha."

Koplo Nyangau alishusha pumzi kama mtu aliyeepushwa na kesi kubwa, akaenda zake. Filister alikuwa sokoni. Alipokwenda kituoni mwezi uliofuata kuuliza kama kuna habari, Koplo alimwambia faili imefungwa. Familia yenyewe imesema mtu wao amezikwa.

"Lakini hajapatikana, afande."

"Mama, nimeona kaburi kwa macho yangu. Shemeji yako amesema imekwisha. Sasa nitafute nini?"

Alimwambia kwa upole, naye hakukosa sababu. Koplo alijua faili zake, Cephas alijua mila, na kila mmoja alimaliza kazi yake kwa uaminifu. Kati yao Frankline alipotea mara ya pili.

Hilo ndilo lililomsimamisha Filister kanisani. Inspekta Gichana alimwomba arudie swali, kisha akauliza mambo mawili matatu, naye akayajibu.

"Faili ya mtu aliyepotea hufungwa akipatikana, akiwa hai au akiwa maiti," Inspekta alisema mwishowe. "Kaburi siyo kupatikana. Mama, chukua ile nambari yako ya OB, uende kwa mkuu wa kituo, umwambie unataka ifunguliwe. Na maji hayajui mpaka wa kaunti. Uliza Migori pia."

Watu walipotoka, Cephas alimngoja mlangoni.

"Min Frankline," alisema, akimwita mama Frankline kwa lugha yao, "umetuaibisha mbele ya watu wa kabila nyingine."

"Nimeuliza tu, shemeji. Si walisema tuulize?"

"Na wakimpata? Tutazika watu wawili kwa jina moja?"

Filister alimpita, akashika njia ya kituoni. Faili ilifunguliwa wiki hiyo, na wiki iliyofuata tulikuwa Migori, mimi na yeye, kwa sababu hakuna mtu wa boma aliyekubali kumsindikiza.

Askari tuliyemkuta alikuwa Maroa, Mkuria mwenye sauti nzito. Hakuwa na haraka. Alituambia kwamba mwaka jana, baada ya zile mvua, mwili wa mwanaume uliokotwa majini upande wa Karungu. Haukuwa na kitambulisho, na uso ulikuwa umekwisha. Ulikuwa bado katika chumba cha maiti, lakini si kwa muda mrefu, maana kaunti ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba miili isiyo na wenyewe itazikwa pamoja katika kaburi moja.

Filister aliomba kuuona. Maroa alimshauri asiuone. Akaletewa nguo ndani ya mfuko: suruali ya jinzi na kipande cha fulana ambacho rangi yake haikutambulika.

Aliishika ile suruali muda mrefu. Akageuza pindo, akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu.

"Ndiyo yake?" Maroa aliuliza.

"Sijui."

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia, mwanangu. Suruali kama hii wanavaa vijana wote wa ziwani."

Mhudumu wa chumba cha maiti, aliyekuwa amesimama kando na glavu zake, alisogea karibu. Nadhani alimwonea huruma. "Mama, nikwambie kitu. Ukisema ndiye, mambo yanakuwa mepesi. Utaandikiwa, utampeleka nyumbani, utapumzika. Wengi hufanya hivyo. Huyu naye angepata mtu wa kumlilia."

Nilimtazama Filister. Alikuwa amechoka, midomo imemkauka, na nilijua kwamba neno moja lingetosha.

"Nimeshazika kitu ambacho si mtoto wangu," alisema. "Sitazika kingine. Na huyu, kama ana mama, mama yake anamtafuta."

Mhudumu akarudi nyuma. Maroa akaeleza kuhusu DNA. Yeye ataandika ombi kama polisi, mama atatolewa chembechembe mdomoni kwa pamba, na maabara ya serikali Kisumu italinganisha. Mpaka majibu yatoke, mwili ule utatengwa na ile mingine.

"Na wakichelewa, mkazika?" Filister aliuliza.

"Ukiandikwa kwamba ni wa uchunguzi, hauzikwi."

"Umeshaandika?"

"Nitaandika."

"Andika nikiwa hapa."

Maroa alitabasamu kwa mara ya kwanza, akavuta kiti, akaandika.

Hayo yalikuwa Machi. Tangu hapo Filister huweka simu ndani ya karatasi ya nailoni anapoanika omena, isiingie maji. Miili ile mingine imekwisha kuzikwa na kaunti. Mara mbili alipiga simu Migori. Mara zote Maroa alipokea, akasema bado.

Jana Maroa alipiga yeye. Majibu yametoka. Hayasemwi kwa simu, alisema, na mama asije peke yake. Aje na mkubwa wa boma. Filister alikwenda kumwambia Cephas akiwa zizini. Cephas aliendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha, kisha akauliza gari la kwanza linaondoka Mbita saa ngapi.

Jioni nilimuuliza Filister anaomba nini. Niliuliza vibaya, kwa aibu, nikidhani atasema anaomba wamwambie si yeye, ili aendelee kumtumaini akiwa hai mahali fulani. Alikuwa akichambua omena, akitupa mawe madogo pembeni.

"Naomba waseme ndiye," alisema. "Wewe huna mtoto bado. Naomba waseme ndiye, nimtoe kule kwenye baridi."

Kesho alfajiri watavuka daraja la kwenda Mbita, yeye na Cephas. Wanatarajiwa Migori, mbele ya mkuu wa kituo, saa nne.