Kijiji cha Nyuma ya Moto

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu kijiji kimoja kidogo cha Uajemi, kimebanwa na milima. Mimi nikasikia harufu ya mkate.

Nilikulia Doha, na chini ya ghorofa yetu Ami Karimu, Mwajemi, alichoma mikate kwenye tanuri la ukutani. Alasiri moja mama alinituma kununua mikate, nikamwuliza Ami kwao ni wapi. Mikono yake ilijaa unga, basi akaelekeza kidevu upande wa tanuri.

"Kule."

"Kuna watu wengi?"

"Wachache. Mtu akikohoa tu, unamjua ni nani."

Sasa najua nyuma ya ukuta ule palikuwa na kinyozi, na kijiji kiko ng'ambo ya bahari. Siku ile sikuwa na shaka hata chembe: kilikuwa nyuma ya moto, na kila Ami alipoingiza mkono, ndugu zake walimpa mkate. Nikawaonea huruma. Wanalisha mtaa mzima, wao wanakula nini? Nikachukua mkate mmoja wa mama, nikautupa tanurini.

"Huu ni wao," nikasema.

Ami aliacha kukanda. Hakuutoa. Tuliutazama ukiungua mpaka ukawa mkaa, ndipo akasema taratibu, "Wameupata."