Siku Niliyorusha Taulo Ndugu Yangu Akiongoza

Siku yenyewe, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asisikie. Ilikuwa Jumapili alasiri, miaka ile ya tisini, hapa hapa Voi, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Kaloleni, watu wamejaa mpaka madirishani. Baba yako Righa ndiye aliyekuwa ulingoni. Mimi kaka yake nilikuwa kwenye kona yake na ndoo, sponji, na taulo begani. Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinijia umefura, ukaniuliza mbele za watu, "Baba mkubwa, ni kweli wewe ndiye uliyemnyima baba ushindi?" Swali kama hilo halijibiwi mtu amesimama. Leo umekuja kwa adabu, basi keti.

Kwanza nikwambie ninavyoziona mimi hizi ndondi, na najua hutapenda, kama wenzako wa pale steji ya matatu wasivyopenda. Nyinyi mkikaa ni kuwapanga mabingwa: nani hajawahi kuanguka, nani alipigana na taya imevunjika. Mimi bondia ambaye hajawahi kuanguka simwiti mkubwa mpaka nijue anaongeaje na watoto wake leo. Na yale mapambano makubwa tuliyokuwa tukiyatazama kwenye video, tumebanana kwenye mabenchi, wanaume wawili wanapigana mpaka wote hawajui waliko, halafu mtangazaji anapiga kelele ati hilo ndilo pambano la kukumbukwa! Aka! Mimi pale niliona waoga watupu. Refa mwoga, na kona zote mbili waoga. Walijua mtu anaumia, ila hakuna aliyetaka kuzomewa. Nimelisema hili miaka yote na nimetukanwa miaka yote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bondia naye akisifiwa hutia damu yake mwenyewe.

Sasa tumrudie baba yako. Tuliteremka kutoka kwetu Mwanda, kule milimani, tukiwa vijana, tukapanga chumba kimoja Kaloleni, mimi nikishona viatu, yeye akipakia mizigo stesheni. Ngumi alizijua. Simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu, muulize yeyote wa rika letu. Siku hiyo alikuwa akipigana na jamaa mmoja wa Mombasa waliyemwita Nyundo, na kweli alikuwa nyundo. Mzee Athumani, aliyekuwa na duka la vitambaa, alifunga duka aje atazame, na huyo mzee hakuwahi kulifunga duka kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa Mungu wake.

Baba yako alikuwa akiongoza. Hilo halina ubishi. Alikuwa amepigwa ngumi moja mbaya kwenye shavu la kushoto, akayumba kidogo, akasimama tena akaendelea kucheza vizuri, na watu wakazidi kumpenda. Ikabaki raundi ya mwisho. Akaja akaketi kwenye kiti, nikampa maji asukutue. Akanitazama kwa utulivu, akaniuliza, "Mbuzi wamerudi?"

Nikadhani ananitania. "Mbuzi gani, Righa?"

"Wa baba. Mvua hiyo inakuja."

Mwanangu, babu yako alikuwa amekufa sisi tukiwa wadogo, na mbuzi wale walichinjwa kwenye matanga yake. Nikamwinamia nikamuuliza, "Uko wapi sasa hivi?" Akatabasamu kama mtoto. Akasema, "Niko malishoni." Kengele ikalia, akainuka akaenda.

Na alikwenda vizuri! Hapo ndipo watu wasiponielewa. Miguu yake iliijua kazi hata kama kichwa hakikuwepo. Akarusha ngumi, ikampata Nyundo, ukumbi mzima ukanguruma. Mimi nikaona ngumi moja tu, ile ambayo haijaja, itakayompata mtu aliye malishoni akiwatafuta mbuzi waliokufa. Nikalivuta taulo begani, nikalirusha katikati ya ulingo, ishara kwamba kona yetu imesalimu amri, na refa akalisimamisha pambano.

Hapo nikasikia matusi ambayo sitayarudia mbele yako. Mtu alinirushia chupa. Mzee Athumani, mtu mpole yule, alinishika mkono akaniuliza, "Ewe kijana, umetenda nini? Mwenzio yuwashinda!" Ningesema nini? Kwamba ndugu yangu anaweweseka? Mji huu ungemwita mwendawazimu mpaka leo, na wewe ungekua ukiitwa mtoto wa mwendawazimu. Yeye mwenyewe hakukumbuka neno lolote la pale kwenye kiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda kile nilikilalia mimi peke yangu. Nikanyamaza.

Baba yako hakunyamaza. Alihama chumba chetu jioni ile ile. Akawa akiniona njiani anavuka upande wa pili. Alikula peke yake, aliishi peke yake, na mara nikasikia amekubali kurudiana na Nyundo huko Mombasa, na ameapa kwamba kwenye kona yake safari hii hatakuwepo ndugu. Hilo liliniuma. Nilimwogopea, mwanangu, niliogopa mpaka usingizi ukanikimbia. Nilijua akipanda ulingo ule tena nitaletewa maiti, au nitaletewa mtu asiyenijua.

Habari zikamfika bibi yako kule Mwanda, akatuita wote wawili. Wewe umezaliwa mjini, pengine kutasa, ile desturi yetu ya kuitoa hasira, umeisikia tu kwa jina. Kwetu sisi Wadawida, hasira ya ndugu ikikaa moyoni si jambo la mtu mmoja, inaleta maradhi nyumbani hata kama mwenyewe hajafungua mdomo. Kwa hiyo mnaketi pamoja, kila mmoja anaisema hasira yake hadharani, anatia kinywaji mdomoni, kisha anakipuliza nje kama manyunyu, na hasira inatoka nacho. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Bibi yako alikuwa mtu wa kanisa, akasema pombe haiingii kwake, na Mungu hawezi kukataa maji. Tukaletewa maji kwenye kibuyu, na baba yetu mdogo akasimamia.

Nikaanza mimi. Nikasema, "Nina hasira na Righa kwa sababu hajaniuliza kwa nini." Nikatia maji mdomoni, nikapuliza.

Akafuata baba yako. "Nina hasira na kaka yangu," akasema. "Nilikuwa nashinda. Nyundo hakuniangusha. Kaniangusha yeye." Akatia maji mdomoni, akainama, akapuliza.

Maji hayakupulizika. Yalimtoka upande wa kushoto wa mdomo, yakateremka kidevuni mpaka kwenye shati. Na yeye, Mola wangu, akajifuta upande wa kulia, upande mkavu, akasema, "Haya, imetoka."

Baba mdogo alikasirika, alidhani kijana anaidharau mila. "Rudia!" Akarudia. Yakamwagika vile vile, na hakujua. Bibi yako akainuka polepole, akamwekea mkono kwenye shavu la kushoto, akamwambia afumbe macho. "Unasikia mkono wangu?"

"Mkono gani, mama?"

Akamfinya. Nilimwona akimfinya kwa nguvu. Baba yako alikaa tu amefumba macho, anangoja. Akayafungua, akauona mkono wa mama yake uko shavuni, akatazama shati lake lililolowa. "Ni uvimbe tu, mama. Utapungua."

"Uvimbe ulikwisha zamani, Righa," mama akasema. Hakupiga kelele. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu mwingine huwa mkubwa hata kuliko kilio. Baba yako akanigeukia. "Kumbe uliona?"

Nikamwambia, "Nilisikia." Nikawaeleza pale pale habari ya mbuzi wa baba, kila neno. Ndugu yangu alilia mpaka mabega yakatikisika, mwanamume yule ambaye Pwani nzima haikumliza. Alipotulia akaomba kibuyu. Akatia maji mdomoni mara ya tatu, na bibi yako akamshika mdomo upande ule mbovu kwa vidole vyake, akaubana, akamwambia, "Sasa puliza, mwanangu." Akapuliza. Maji yakatoka sawasawa. Mombasa hakwenda.

Ndiyo sababu baba yako hunywa chai na leso mkononi. Ulidhani ni uzee, sivyo? Ndiyo sababu huongea pole pole, na ndiyo sababu picha zote nyumbani kwenu amegeuza uso upande mmoja. Alituomba tusiwaambie watoto wake. Jana nilikwenda kwake nikamwomba ruhusa. Akasema, "Mwambie. Lakini mwambie pia kwamba nilikuwa naongoza."

Nami nimekwambia. Alikuwa akiongoza.

Basi usia wangu, mwanangu, kwa kuwa na wewe umeanza kuvaa glavu. Ukichagua mtu wa kusimama kwenye kona yako, katika ngumi au katika maisha, usimchague anayekushangilia kuliko wote. Hao ni wengi, na ukiumia wanakwenda kumshangilia mwingine. Mchague anayeweza kuvumilia umchukie. Na ukimwona mwenzako anaangamia huku watu wanampigia makofi, iwe ni ulevi, iwe ni sifa, iwe ni kitu gani, usingoje idhini ya makofi. Mzuie, halafu kubali matusi yako. Pengine hatakushukuru kamwe. Mimi nilibahatika, nilikuwa na mama. Na hasira ya ndugu usiilaze moyoni, itoe ingali mbichi, muulize kwa nini kabla hujahama chumba. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na mji unaokubeba mabegani leo hautakuja kukulisha uji kesho.

Mungu akutie nguvu mikononi na akili ya kuzituliza. Akupe umri mrefu, na katika umri huo uwatambue wajukuu wako kwa majina yao. Siku utakayochukiwa kwa kutenda haki, akulaze usingizi mwema. Haya, inuka. Baba yako anajua uko hapa, na tangu asubuhi hajatoka nje kwa wasiwasi wa utakavyomtazama. Nenda ukamtazame usoni.