Mama Mstari

Kwa miaka sita ukoo wetu mzima uliamini kwamba shangazi yangu anahesabu magari. Kosa lilikuwa lake. Siku aliyopata kazi chuoni, baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimuuliza atakuwa anafanya nini huko, naye akajibu kwa kujiamini, "Napima msongamano." Basi. Tangu siku hiyo kila foleni iliyotuchelewesha tulimlaumu yeye. Bibi alifikia hatua ya kumpigia simu kazini amwombe afungue njia ya kwenda hospitali.

Ukweli niliujua mimi peke yangu, tena nusu tu, kwa sababu tunafanya kazi jengo moja. Mimi natoa nakala ghorofa ya chini, katika chumba chenye mashine mbili, moja nzima na moja ya kunitafutia presha. Yeye yuko ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho baada ya choo. Msongamano anaoupima ni wa elektroni, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea kuizunguka sayari ya Zohali mpaka mbali kabisa, kote ambako sumaku ya sayari hiyo inatawala. Ukiniuliza elektroni hizo zinasongamana kwenda wapi, sijui. Niliwahi kumuuliza Daktari, bosi wake, akanichorea mchoro. Nikashuka ngazi na mchoro wangu mkononi na ujinga wangu vilevile.

Kazi yenyewe, kwa ninavyoielewa, iko hivi. Kuna chombo kilitumwa huko, kikawa kinazunguka huku antena zake zinasikiliza mawimbi. Yaliyosikika yakageuzwa picha. Kutoka kushoto kwenda kulia ni saa zinapita. Kutoka chini kwenda juu ni masafa, yaani mawimbi mazito yako chini na membamba yako juu, na rangi inaonyesha nguvu ya kila wimbi. Katikati ya rangi hizo kuna mstari mwembamba unaopanda na kushuka. Ukipanda, elektroni ni nyingi mahali pale. Ukishuka, ni chache. Shangazi anaufuata mstari huo kwa kipanya, alama baada ya alama, siku nzima. Daktari anazichukua alama zake na kutengenezea modeli, ambayo ni hesabu ndefu ya kukwambia elektroni ni ngapi hata mahali ambapo chombo hakikupita. Kule juu wanamwita Mama Mstari.

Zamani alikuwa fundi cherehani. Daktari alimpelekea suruali ifupishwe, akautazama mshono, akamuuliza kama macho yake huwa yanachoka haraka. Shangazi akadhani amepata daktari wa macho wa bure, akamweleza habari za macho, akaunganisha na za mgongo. Alipomaliza akawa ameajiriwa. Hata yeye mwenyewe hakuelewa ilikuwaje.

Mambo yaliharibika mwaka huu. Daktari aliandika programu ya kuweka alama yenyewe, akailinganisha na kazi ya Shangazi. Kwenye picha karibu zote walikubaliana. Kwenye picha mia nne na kumi na mbili, zote alizozifanyia kazi mwaka huu na zote za pale chombo kilipopita karibu kabisa na sayari, hawakukubaliana. Picha hizo zina mistari miwili inayofanana, mmoja juu ya mwenzake. Programu ilichukua wa juu kote, Shangazi ndani ya picha hiyo hiyo sehemu nyingine akabaki juu, nyingine akashuka wa chini. Na si tofauti ya kufumbia macho, maana mstari wa juu uko kwenye masafa maradufu, na kwa hesabu yao masafa yakizidi mara mbili, elektroni zinazidi mara nne.

Ukutani kwake kuna karatasi ya maelekezo, nakala yake niliitoa mimi. Inasema wazi: "Mistari ikiwa zaidi ya mmoja, fuata wa juu." Kwa kawaida ile ya chini inatokana na mambo ya sumaku, haina habari ya elektroni ngapi. Programu ilitii karatasi. Shangazi, ambaye ameitazama karatasi hiyo miaka sita, hakuitii.

Nilikuwepo Daktari alipomuuliza, nilikuwa nimepeleka nakala zao. Alivuta kiti, akakaa, akasema kwa upole, "Mama, hapa ulichukua wa chini. Kwa nini?"

Shangazi akaitazama picha, akavua miwani, akaivaa tena. "Sijui."

"Labda ulikosea tu?"

"Sijui, Daktari. Ila mstari ndio huo."

"Ndio huo kwa nini?"

"Si ndio huo!" akasema, akauonyesha kwa kidole, kama vile mwenzake haoni.

Daktari akashusha pumzi. Akamweleza, tena kwa aibu, maana anampenda, kwamba ripoti ya modeli inatakiwa Jumatatu. Kama hizi mia nne hazina maelezo, atawezaje kusimama mbele ya watu na kuzitetea elfu kumi na moja nyingine? Itabidi aziweke kando zote, miaka yote sita, atumie za programu. Na programu haihitaji kiti wala meza. Hilo la mwisho hakulisema, lakini sote watatu tulilisikia.

Shangazi alirudi nyumbani kwetu, anakoishi, hana akili. Aliweka chumvi kwenye sufuria, akasimama, akaweka tena. Alimwita baba yangu kwa jina la marehemu kaka yao. Baada ya kula alizitandaza mezani picha nilizomtolea nakala, tupu bila alama, akazizungusha, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu na pua. Alikuwa akijitafuta humo. Alitaka kujua yule mtu aliyeweka alama chini alikuwa ameona nini, na yule mtu ni yeye.

Siku ya kwanza nilimwonea huruma. Siku ya tatu nilichoka, na mimi nikichoka huwa najifanya nina akili.

"Shangazi, karatasi inasema wa juu?"

"Inasema."

"Programu nayo inasema wa juu?"

"Ndiyo."

"Wewe unasema wa chini, na sababu huna."

"Sina, mwanangu."

"Sasa unangoja nini? Chukua wa juu, yaishe! Ukizirekebisha mwenyewe kabla ya Jumatatu, watasema uliteleza ukajisahihisha. Kazi yako inabaki."

"Lakini sio huo."

"Kama hujui kwa nini sio huo, basi ndio huo."

Alizikusanya picha taratibu, moja juu ya nyingine. Niliona maneno yangu yanamwingia, na nilifurahi. Nakiri hivyo kwa sababu hakuna anayeniuliza. Nilifurahi kumshinda shangazi yangu kwa hoja juu ya kitu ambacho mimi sikijui na yeye anakijua.

Jumatano na Alhamisi hakushuka hata kunywa chai. Alifungua picha moja moja, akafuta alama za chini, akaweka juu. Kila alipomaliza moja, kompyuta ilimuuliza kama anataka kufuta za zamani na kuhifadhi mpya, naye akajibu ndiyo. Alijibu ndiyo mara mia nne na kumi na mbili.

Ijumaa asubuhi Daktari alipita mlangoni kwangu anakimbia, ngazi mbili mbili, mtu mzima na kitambi chake. Nikaiacha mashine inatafuna karatasi, nikamfuata. Alikuwa ameshafika kwa Shangazi, anahema, ameshika karatasi.

"Mama! Ulikuwa sahihi! Wa juu ni wa uongo!"

Akaeleza haraka haraka. Chombo kilikuwa na vipokezi viwili vya mawimbi, kimoja chepesi kusikia na kingine kizito kidogo. Karibu na sayari mawimbi yalikuwa na nguvu mno, kile chepesi kikazidiwa, kikaanza kutoa mstari wa pili ambao haupo, maradufu ya ule wa kweli, sawa na redio mbovu ukiifungulia sana. Kile kizito kilisikia mstari mmoja tu, wa chini. Lakini kilikuwa kimewashwa kwenye picha thelathini tu kati ya zote. Zilizobaki zimechanganyika. Sehemu nyingine wa juu ni wa uongo, nyingine mistari yote miwili ni ya kweli na wa juu ndio wenyewe, na hata yeye na shahada zake hawezi kuzitofautisha. Ameshika zile thelathini, amezilinganisha na alama za Mama, ambazo za hizo tu alizichapa mwanzoni mwa wiki. Hakukosea hata moja.

"Nipe faili lako," akasema. "Tunatumia alama zako zote. Programu naitupa."

Shangazi alikunja mikono mapajani. "Nimeshazirekebisha, Daktari."

"Umerekebisha nini?"

"Zote. Nimeweka juu, kama karatasi inavyosema."

 Daktari aliuliza za zamani ziko wapi, akajibiwa kwamba zimefutwa, na hata programu yake ilikuwa inasoma faili hilo hilo. Nakala ya akiba ilikuwepo, ila ya mwaka jana. Alikaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea.  Nilitaka kusema ni mimi niliyemshauri, nikajishughulisha na kitasa cha mlango.

Mwishowe Daktari akainuka. "Si kitu. Leo Ijumaa, tuna siku tatu. Mama, usifikiri. Weka tu kama ulivyokuwa unaweka."

Shangazi akafungua picha ya kwanza. Mistari miwili, bluu na kijani nyuma yake. Akapeleka kipanya chini, akaweka alama. Akaifuta. Akaweka juu, akaifuta. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa.  

 Akageuza kiti taratibu, akampita Daktari kwa macho, akanitazama mimi pale mlangoni.

"Niambie basi," akasema. "Juzi si ulikuwa unajua?"